Mlio wa Bunduki ya Mzee Urbanus

Mama tumemzika juzi katika makaburi ya Waislamu hapa Machakos, na sasa hakuna tena wa kuumizwa na habari hii. Naiandika jinsi ilivyokuwa, nisije nikaisahau na mimi.

Ndugu yangu Sharifu alikuwa fundi. Kwenye baraza yetu mama alishonea nguo upande wa mlango, na Sharifu akakaa upande wa dirisha na vyuma vyake. Alitengeneza kufuli, stovu na baiskeli, lakini kitu alichokipenda kilikuwa bunduki za upepo, zile kuukuu zilizoachwa na Wazungu wa mashamba ya Lukenya. Wakulima walizitumia kufukuzia ndege kwenye mapapai. Hazina baruti. Unaivunja bunduki shingoni, yaani unaukunja mtutu kwenda chini, na springi iliyo ndani inajikunja. Ukifyatua, springi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma upepo, na upepo unakitoa kidonge cha risasi. Ikiwa nzima, hulia kama kofi lililopigwa mezani. Mimi nikiwa jikoni nilikuwa nikisikia kofi hilo najua Sharifu amemaliza kazi, na atakuja kuomba chai.

Mwaka wa 1998 majambazi walivamia kituo cha petroli mjini wakiwa na bunduki zilizoundwa kwa mabomba. Polisi wakaanza kuwapitia mafundi. Kwetu walikuta mabomba, springi, na bunduki ya Mzee Urbanus wa Masii ikiwa vipande vipande, wakamchukua Sharifu hadi kituo cha polisi. Mzee Urbanus alipopata habari alifunga nyumba yake akahamia kwa binti yake huko Kithimani, na hatukumwona tena.

"Hii ni ya ndege, mkubwa," Sharifu alimwambia mkuu wa kituo.

"Ndege gani, ile ya abiria?" Askari wake wakacheka.

"Nipe nafasi niifunge, muifyatue nyinyi wenyewe. Tundikeni karai. Kidonge kitabonyeza tu. Kikitoboa, nifungeni."

Nilikuwa nimesimama pale kaunta na sahani ya chakula chake. Nilitamani asiseme maneno yale ya mwisho, lakini yalikuwa yameshatoka, na mkuu wa kituo akayarudia polepole kama mtu anayeonja kitu: "Kikitoboa, tukufunge. Sawa, fundi. Umesema mwenyewe."

Asubuhi iliyofuata koplo mmoja, Mutua, alimleta nyumbani na vile vipande, kwa sababu springi haiwezi kurudishwa ndani bila klampu ya kuibana, na klampu ilikuwa kwenye meza ya Sharifu. Pingu alifungwa mkono mmoja, upande wake wa pili ukafungwa kwenye nondo ya dirisha. Alifanya kazi hivyo hivyo. Ngozi ya pistoni ilikuwa imekauka kwa ukame wa mwaka ule. Aliipasha moto kidogo, akaipaka mafuta ya mkia wa kondoo tuliyokuwa tumeyayeyusha tangu Idi, akaikanda kwa kidole gumba mpaka ikalainika.

"Kwa nini si mafuta ya kawaida?" koplo akauliza.

"Mafuta mepesi yanaungua ndani, afande. Springi ikiyabana yanashika moto. Haya mazito yanatulia."

"Asi! Kumbe hata bunduki inachagua chakula."

Mama hakuyasikia hayo. Alikuwa ndani akikaanga mahamri. Alipotoka na sinia alimkuta koplo anamfungua Sharifu ili anawe mikono. "Kunywa chai, mwanangu," alimwambia koplo, "hata wewe una mama yako." Mutua akaja kukaa mkekani kwetu ndani, Sharifu karibu naye, na ile bunduki, imeshafungwa, wakaiacha barazani wameiegemeza kwenye cherehani ya mama. Tulikunywa chai pamoja kama watu wanaosubiri harusi. Mama peke yake hakukaa. Alikuwa akienda na kurudi barazani.

Saa nne tulikuwa nyuma ya kituo. Karai lilikuwa kuukuu, limeanza kuliwa na kutu, limetundikwa kwenye seng'enge. Mkuu wa kituo aliivunja bunduki mwenyewe, akaweka kidonge, akalenga. Sharifu alikuwa anatabasamu.

Bunduki ikalipuka. Sina neno lingine. Mlio ulipasuka ukagonga ukuta wa kituo ukarudi, kunguru wakaruka kwenye paa, na moshi wa buluu ukatoka mdomoni mwa mtutu. Koplo Mutua alikuwa amejitupa kifudifudi. Kwenye karai palikuwa na tundu, na kupitia tundu lile niliona majani ya upande wa pili.

"Hapana," Sharifu akasema. "Hapana, mkubwa, huo si mlio wake. Kuna kitu kimeungua. Fyatua tena! Tafadhali, fyatua mara ya pili, utasikia sauti yake!"

Mkuu wa kituo alijaribu kuivunja tena. Shingo ikalegea tu mkononi mwake, haina ukinzani wowote. Ule mlipuko ulikuwa umeikata springi.

"Umeiharibu makusudi," akasema. "Rudisha huyu ndani."

Niliporudi nyumbani mama alikuwa mlangoni. Nilimwambia karai limetoboka. Akakaa chini, akajishika kichwa. "Na mimi nilivyoitilia mafuta," akalia. "Pale mlipokuwa mnakunywa chai. Kwenye kile kitundu cha shingoni, mafuta ya cherehani, nikaijaza vizuri ili isikwame, isije ikamwaibisha mtoto wangu mbele ya wakubwa. Na bado imemwaibisha!"

Hakujua alichokisema. Kwake yeye, mashine yoyote ikipata mafuta inapona. Amefanya hivyo maisha yake yote. Nilitoka mbio kurudi kituoni, nikilia na kufurahi, maana nilikuwa nimepata jibu.

Sharifu alinisikiliza kupitia vyuma vya seli.

"Umemwambia nani?"

"Bado. Namwambia mkuu wa kituo sasa hivi. Wataweka springi nyingine, watajaribu tena."

"Asmaa, ngoja. Utamwambia nani aliyetia mafuta?"

Nikageuka kutazama kaunta.

"Bunduki ilikuwa ushahidi wao. Watasema mama amechezea ushahidi. Watamleta hapa, watamuuliza, na yeye atasema ndiyo, kwa sababu mama hajui kusema uongo hata wa kumridhisha mgeni. Na ile presha yake. Atalala hapa, kwenye hii sakafu?"

"Basi nitasema ni mimi."

"Useme ni wewe, nitoke mimi uingie wewe? Mama atabaki na nani?"

"Sharifu, watakufunga!"

"Nitakubali kosa. Mtu akikubali hakimu anamhurumia. Ni miezi michache, nitatoka." Akapenyeza vidole katikati ya vyuma akanishika mkono. "Na zaidi ya yote asijue. Akijua ni mafuta yake, hatamaliza mwaka. Niapie, dada."

Nilikataa. Nilimsihi, nikamtukana, nikamwita mjinga. Askari alipokuja kunitoa nilikuwa nimeshamwapia.

Mahakamani aliposomewa shtaka la kutengeneza bunduki, alisema, "Ni kweli." Mama alikuwa kando yangu. Hakimu hakuhurumia mtu. Mji ulikuwa umejaa hofu na yeye alitaka kuonyesha mfano. Alimpa miaka saba.

"Amekubali," mama alisema tukiwa nje, hamtazami mtu. "Mimi nimewaapia majirani wote kwamba mwanangu hana hatia, na yeye amesimama akakubali."

Hakwenda kumwona gerezani hata siku moja. Nilienda peke yangu. Kila mara Sharifu aliuliza, "Mama je?" nami nikasema anakusalimu. Mara ya mwisho alikuwa anakohoa mpaka anashika ukuta. Nikamwambia, niachie nimwambie mama, angalau aje. Akatikisa kichwa.

Walituita kuchukua maiti yake kabla mwaka wa pili haujaisha.

Siku ya hitima wanawake walijaa kwetu, na shangazi yetu Zaituni akamwomba mama amwombee mwanawe dua, kwa kuwa dua ya mama haina pazia mbele ya Mungu. Mama alikataa kwanza. Kisha akainua mikono.

"Ewe Mola," akasema, "msamehe Sharifu zile bunduki alizowatengenezea majambazi. Msamehe na aibu aliyoniachia."

Wanawake wote wakaitikia. Mama akanigeukia, kwa kuwa mdomo wangu pekee haukutikisika, akaningoja.

"Amina," nikasema.