Tone Jekundu Kwenye Skrubu

Mnunuzi asiyeomba kupunguziwa si mtu wa kumwamini. Apolonia alijifunza hilo pale pale mnadani Temeke, tangu alipoanza kutandika turubai lake la vyombo vya mtumba kila Jumamosi baada ya matanga ya mumewe kwisha. Mnunuzi wa kweli ataishika pasi, ataipindua, ataikashifu, atasema mbona waya umechoka hivi, atataja bei ya kukuudhi, kisha atajifanya anaondoka huku sikio limebaki nyuma likisubiri kuitwa. Lakini huyu mgeni mwenye begi kubwa mgongoni alitajiwa bei ya kaseti ya gemu iliyopasuka pembe, akatoa hela, akaipokea kwa mikono miwili na kushukuru.

"Unainunulia nini, mwanangu?" Apolonia akamuuliza.

"Naipenda tu, mama."

Jibu hilo halikupita kooni. Watu wanapenda wali, wanapenda kulala, wanapenda wake za wenzao, Mungu awasamehe. Kupenda kaseti mbovu, tena mwanaume mzima mwenye ndevu?

Mgeni alisema anaitwa Brightson, mtu wa Tukuyu. Kazi yake, kama ni kazi, ilikuwa kupanda basi mji hadi mji, na kila penye mnada wa mtumba anashuka kutafuta gemu za zamani, zile za kuchomeka kaseti na kuunga kwenye televisheni, zilizokuwa zikiwatoa watoto shuleni kabla ya simu kuja kuwamaliza kabisa. Iringa alishapita, Morogoro alishapita. Kesho asubuhi anapanda basi pale Mbezi Luis, anarudi kwao.

Alichuchumaa kwenye turubai akaanza. Alizishika mashine moja moja, akazipindua tumbo juu, akafumba jicho moja na kumulika kwa tochi ya simu ndani ya vitundu vya skrubu. Halafu ananusa. Anairudisha, anachukua nyingine.

Raudha, muuza viatu wa jirani, alijisogeza na kigoda chake.

"Mama Noela, we! Umemwona anavyonusa?"

"Nimemwona."

"Mtu ananusa samaki, huyu ananusa gemu. Mie simo."

Apolonia hakuwa msemaji, alikuwa mtu wa kuangalia. Hata na marehemu Wilfred waliishi hivyo. Wilfred alikuwa fundi redio kule Chang'ombe, wenyewe wakikaa Kibamba, na kazi yake Apolonia aliijua kwa harufu ya risasi ya kuchomelea iliyorudi na nguo zake. Karakana yenyewe hakuwa akienda. Alimpikia, alimfulia, alisali naye rozari kila jioni. Jambo moja tu hakumwuliza.

Siku moja, mtoto wao Noela akiwa bado ananyonya, Apolonia alikuwa anafua suruali ya kazi ya Wilfred. Mfukoni akakuta kichupa cha rangi ya kucha. Nyekundu ya kuiva, kimetumika hadi nusu. Yeye Apolonia hajapaka rangi kucha tangu azaliwe. Akakificha kwenye kopo la maziwa, pamoja na rozari iliyokatika, akangoja aone. Wilfred alirudi akakitafuta. Alipekua mifuko, akainua godoro, akachungulia uvunguni. "Unatafuta nini, baba Noela?" "Aah, hakuna." Hiyo "hakuna" ndiyo iliyomchoma. Alingoja siku nzuri ya kuuliza, siku nzuri haikuja, ikaja presha ikamchukua mumewe. Tangu hapo kila anapotoa nia ya misa kwa ajili ya marehemu, jina la Wilfred halimtoki mdomoni bila kile kichupa kuja machoni. Na nyuma ya kichupa, vidole vya mwanamke asiye na sura.

"Mama," Brightson akamwita. "Huna zenye nyekundu?"

"Nyekundu ipi?"

"Huku chini, kwenye skrubu. Hizo ndizo ninazozitafuta hasa."

Kiatu kikamdondoka Raudha mkononi.

Kuna wakati mji ulijaa maneno kwamba ndani ya vyombo vya zamani kuna zebaki nyekundu, na kwamba wako matajiri wanaoinunua kwa bei isiyosemeka. Watu walivunja redio za babu zao. Waliibiana cherehani. Matapeli wakapita kupokea ada ya kuipima zebaki hiyo, na waliolipa hadi leo hawajaiona zebaki wala matapeli. Petro, muuza vipuri anayesimamia ulinzi wa mnada, alikuwa mmoja wa waliolipa. Cherehani ya marehemu mama yake ilikwenda hivyo hivyo.

"Zebaki!" Raudha akapiga kelele. "Jamani, si niliwaambia? Mtu wa zebaki huyu hapa, hata kupunguziwa hakuomba!"

Petro hakuuliza la pili. Alikuja akamkamata Brightson ukosi wa shati akamwinua kutoka pale alipochuchumaa. Watu wakajaa kama wamemwagwa.

"Mmerudi, ee? Mlidhani tumesahau?"

"Braza, mie sijui unachosema."

"Hujui! Na hilo begi?"

"Begi lifunguliwe!" sauti ikatoka nyuma.

"Achomwe tu huyo, begi la nini!"

Mtu mmoja alikuwa ameshaokota kipande cha mbao chenye misumari. Apolonia alikiona. Aliwahi kuona mnada ukimgeukia mtu, kijana wa kuiba simu, miaka ya nyuma. Huwa haichukui muda. Halafu ukipita kuuliza, kila mmoja anasema hakugusa.

Petro akamgeukia. "Mama Noela, wewe ni mtu wa Mungu na ndiye uliyeongea naye. Ni mwenzao au si mwenzao? Sema neno moja tu."

Na Apolonia hakumwamini yule mgeni. Huo ndio ukweli wake. Mtu asiyeomba kupunguziwa, anayenusa, anayetafuta nyekundu. Angesema "sijui", asingekuwa amesema uongo. Lakini aliitazama ile mbao akajua kwamba "sijui" yake ingemuua mtu. Moyoni akaanza Salamu Maria, mdomoni akasema, "Ngoja kwanza. Hiyo nyekundu niione mimi."

"Utaona nini, mama?"

"Petro, nimesema niione. Mwache afungue begi."

Brightson akalifungua begi. Akatoa mashine ya kijivu iliyofungwa kwenye sweta.

"Hii nimeipata Morogoro," akasema. Akaipindua, akabandua kiguu cha mpira kwenye pembe moja. Chini yake palikuwa na kitundu, na kwenye kitundu kichwa cha skrubu, na juu ya skrubu tone jekundu, limekauka, linang'aa.

"Eee!" Watu wakarudi nyuma, kana kwamba lingewarukia.

Apolonia hakurudi. Aliinama hadi miwani ikakaribia kugusa plastiki. Rangi ile aliijua. Alikuwa ameitazama kwenye kopo la maziwa mara nyingi kuliko alivyoitazama picha ya harusi yake. Akitaka anyamaze, lile kopo litabaki limefungwa na hakuna atakayejua kitu. Akisema, watu wote hawa wataingia nyumbani mwake na midomo yao.

Akainuka, akaangaza nje ya duara. Alikuwapo Gregori, mwenye kazi ya kupaka watu rangi kucha, mzee mwenye upara, anayezunguka mnada mzima na kikapu chake cha vichupa. Yeye alikuwa amesimama juu ya ndoo ili aone vizuri.

"Gregori! Njoo na dawa yako ya kutolea rangi. Na pamba."

"Mama Noela, leo na wewe unapaka?"

Watu wakacheka, hata mwenye mbao.

"Njoo, acha maneno."

Gregori akapenya. Akalowesha pamba, akaisokota, akaitia kwenye kitundu na kuzungusha taratibu kama anayemsafisha mtoto sikio. Alipoitoa, pamba ilikuwa nyekundu. Skrubu ilibaki nyeupe, skrubu kama skrubu nyingine.

"Hii ni rangi ya kucha, jamani," Gregori akasema. "Tena ya siku nyingi. Siku hizi hawaitengenezi nzito hivi."

"Petro, zebaki gani hiyo inayotoka kwa pamba?" Apolonia akauliza.

Petro akanusa. Raudha naye akainyakua ile pamba, akanusa mara mbili. "Ni yenyewe. Rangi ya kucha kabisa."

"Sasa rangi ya kucha inafanya nini kwenye gemu?" Petro alikuwa bado ameshika ukosi. "Mwanamke gani kaipaka huko?"

Apolonia alimtazama Brightson. Swali hilo lilikuwa lake, limemkaa kifuani miaka yote, na sasa linaulizwa na mtu mwingine mbele ya mnada mzima.

"Si mwanamke," Brightson akasema. "Ni fundi. Kule Mbeya kuna mzee alijifunza kazi huku zamani. Aliniambia ukikuta gemu kuukuu ina tone jekundu chini, chukua, hiyo haijachokonolewa ndani, itawaka tu. Kulikuwa na fundi mmoja wa Chang'ombe, akishamaliza kutengeneza anaitia tone la rangi kwenye skrubu. Chombo kikirudi na tone limepasuka, anajua kuna mtu amekifungua, kaiba vifaa. Nikikosa kuliona nanusa kama kuna moshi, maana zilizoungua zinanuka. Mie nakusanya tu, jamani. Nyumbani nina chumba kizima, watoto wa mtaa wanakuja kucheza."

"Fundi gani?" Apolonia akauliza.

"Walimwitaga Mzee Wili. Alikuwa haipaki mbele za watu, maana mafundi wengine wangemwiga na alama isingekuwa na kazi. Yule mzee anasema hata mkewe hakumwambia."

Raudha akamtazama Apolonia, akaziba mdomo kwa mkono.

Petro, ambaye hakuwa ameelewa, akacheka. "Kwa hiyo fundi mzima, mwanaume na ndevu zake, anatembea na rangi ya kucha mfukoni?"

"Alitembea nayo," Apolonia akasema. "Mfuko wa kulia, suruali ya kaki. Mimi ndiye niliyekuwa naifua."

Kicheko kikakatika. Mtu wa mbao akaiegemeza kwenye meza ya mtu, taratibu, kama si yake. Petro akauachia ukosi, akaunyoosha kwa kiganja, akapangusa bega la Brightson ambalo halikuwa na vumbi.

"Dogo, tusameheane. Siku nyingine ombaga kupunguziwa. Unatutia wasiwasi."

Watu walipotawanyika, Brightson aliipakata mashine yake akichungulia kile kitundu kitupu. "Imetoka alama," akasema polepole, kwa masikitiko ya kweli, na hapo ndipo Apolonia alipoanza kumwamini kidogo.

"Kesho nisubiri Mbezi Luis, getini," akamwambia. "Usipande basi kabla sijafika."

Jumapili alfajiri alifika Mbezi Luis na kichupa kwenye kitambaa. Rangi ilikuwa imeganda kama lami, lakini Gregori alikuwa amempa matone ya kuizimulia, akaitikisa hadi ikakubali. Brightson akainamisha mashine juu ya begi. Apolonia akachovya brashi, akaitia kitunduni mwenyewe. Mkono wake haukuizoea kazi ile, rangi ikamwagika hadi kwenye ukucha wa dole gumba. Basi lilikuwa linapiga honi. Brightson akambusu mkono kwa heshima kama wafanyavyo kwa mapadre, akakimbia.

Kanisani Kibamba alikuta misa ya kwanza inaanza. Akaketi karibu na Filomena, mwenzake wa jumuiya, mama mwenye macho makali kuliko katekista. Walipokunja mikono kusali, Filomena akamgusa kiwiko.

"Mama Noela! Kidole hicho kina nini?"

"Rangi ya kucha."

"Wewe? Ya nani?"

"Ya Wilfred."

Filomena akasogea kidogo kwenye benchi, akamtazama kwa jicho la pembeni mpaka Injili ikasomwa. Apolonia alimwacha atazame.