Kazi ya Kulala Dirishani

Wapo watu wengi waliofukuzwa kazi kwa kulala, lakini yupo mmoja aliyepata kazi kwa sababu hiyo hiyo. Nyumbani kwa wifi yake walimwita Mgeni, na jina hilo lilimganda hata baada ya miezi, maana hapakuwa na mtu aliyeona haraka ya kulibandua.

Alifika mji ule akimfuata mumewe. Mume alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yao ilihamishwa, naye akahamishwa nayo kama mashine mojawapo. Wakafikia kwa dada yake. Wifi aliwapokea kwa vifijo, akawakumbatia, akawalisha wakashiba, na ulipofika wakati wa kulala akamwonyesha Mgeni kochi la sebuleni, na mume akaonyeshwa mkeka.

"Ni kwa muda tu, wifi yangu," akasema. "Kile chumba cha uani kina vitu vyangu kidogo. Nikivipanga vizuri, mnahamia."

Hivyo vitu kidogo vilikuwa masufuria. Masufuria makubwa, madogo, yenye vifuniko na yasiyo na vifuniko, mengine bado yamo kwenye karatasi za dukani. Yalikuwa yamelala juu ya kitanda kizuri cha mbao kisicho na godoro, yamejinyoosha kama wenye nyumba. Ufunguo wa chumba wifi aliuvaa shingoni kwa kamba, akaoga nao, akalala nao.

Sasa, kulala sebuleni ni kulala kwa jina tu. Mgeni hakuweza kujinyoosha mpaka wifi amalize kutazama tamthilia zake, na wifi hakuwa mtazamaji wa kunyamaza. Aligombana na waliomo ndani ya tivii. "Usimfungulie huyo! Mjinga wewe, si nilikukataza jana?" Mgeni alikaa ukingoni mwa kochi, macho yanawasha, akicheka wifi anapocheka na kuguna wifi anapoguna. Akipata usingizi, kochi lilikuwa fupi naye alijaliwa urefu, kwa hiyo mguu mmoja ulibaki nje hewani. Alfajiri wifi alipokwenda kufungua mlango wa uani ilimbidi auruke. "Yaani mguu huu!" alisema kila alipouruka, kwa sauti ya kumwamsha mwenye mguu.

Mume yeye hakuwa na neno. Alizoea kelele za nyundo, angelala hata katikati yake.

"Mwambie dada yako," Mgeni alimnong'oneza.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nikipata nafasi."

"Unaishi naye nyumba moja, unatafuta nafasi gani?"

"Ile ya kusemea, mke wangu."

Mgeni akaona akingoja nafasi hiyo atazeekea ukingoni mwa kochi. Akaamua kutafuta kazi, apate kodi, wapange chumba chao wenyewe. Akazunguka mtaa wa maduka mpaka akakuta karatasi imebandikwa kwenye kioo cha duka la magodoro: anatakiwa muuzaji.

Mwenye duka, ambaye wafanyakazi walimwita Tajiri ingawa sura yake ilikuwa ya mtu anayedaiwa, alimtazama juu mpaka chini. "Wiki moja ya kuangaliana," akasema. "Ukinifaa, unabaki. Usiponifaa, tunaagana vizuri." Kisha akamkabidhi kitambaa cha kufutia vumbi.

Muuzaji mwingine alikuwa mwanamume mwembamba mwenye sauti nene. Walimpa jina la Kipaza, kwa kuwa hakuhitaji kipaza sauti. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kuita wapita njia. Ndiye aliyemfundisha Mgeni. "Mteja akisitasita mwambie akalie, aone. Akiona haya, kaa wewe, umwonyeshe."

Siku ya pili, adhuhuri, Tajiri alikwenda kula na Kipaza akaenda kunywa maji. Dukani palikuwa pametulia. Pale mbele, nyuma ya kioo kikubwa cha barabarani, godoro nene la springi lilikuwa limetandikwa juu ya kitanda, na mto wake, na shuka lake. Mgeni akaona si vibaya afanye mazoezi. Akakaa. Kisha akajiegemeza, apate kujua vizuri anachokiuza. Kisha akapandisha miguu, kwa uaminifu wa kazi.

Alipofumbua macho, Tajiri alikuwa amesimama juu yake, na nje ya kioo watu wamejaa kama kuna ajali.

"Nisamehe, Tajiri. Nimesinzia kidogo tu."

"Kidogo? Watu wamedhani umekufa. Mmoja kaingia kuhakikisha. Akakusikia unakoroma, akaniuliza godoro hili bei gani."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia bei, akanunua. Mwenzake naye akanunua." Tajiri akajikuna kidevu. "Kesho utalala saa ngapi?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kuanzia siku ile Mgeni alifika asubuhi, akafuta vumbi, akajifunga kitambaa kichwani, akapanda kitandani na kulala hasa. Usingizi wa miezi mizima ulikuwa unamdai. Nje Kipaza akanguruma: "Tazameni, jamani! Huyu mama hajapewa dawa! Hajapewa kidonge! Kapewa godoro!" Na watu wakaingia.

Tajiri alimpa sharti moja. "Mteja akiwa ndani, usifumbue macho hata moto ukiwaka. Siku utakayofumbua, watasema tunaigiza, nami sitakuwa na la kufanya ila kukuaga."

Nyumbani Mgeni alisema tu kwamba anakunja mashuka dukani. Alimjua wifi yake. Angeambiwa ukweli, jioni hiyo hiyo mtaa mzima ungejua kwamba kaka yake anahangaika na vyuma huku mke analala madukani.

Wiki ikafika siku yake ya mwisho. Mgeni alikuwa amelala nusu, ile hali tamu ya kusikia bila kujali, mara akasikia sauti ambayo angeitambua hata akiwa chini ya maji.

"Hodi humu! Tunatazama tu, msitusumbue."

"Karibuni, wakubwa wangu!" akanguruma Kipaza. "Kutazama bure, kubonyeza bure!"

Ni wifi. Na hakuwa peke yake. Alikuwa na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na yule mama mnene wa kikundi chao cha akina mama, ambaye kila mtu alimwita Mwenyekiti, na ambaye wifi alimwogopa kuliko mtu yeyote aliye hai. Mwenyekiti alitaka godoro. Mgeni akavuta shuka mpaka puani, taratibu, kama mtu anayejigeuza. Alisahau kwamba shuka likipanda huku, kule linapungua.

"Maskini," akasema jirani, akiinama kumtazama. "Amechoka huyu. Kwani kwao hawana kitanda?"

"Ndiyo hao wanaokaa na ndugu wasiojali," akasema wifi. "Mimi yule wifi yangu nimempa chumba kizima cha uani. Kitanda, pazia, feni. Anaamka jua limeshapanda, na mimi simsemi. Nasema moyoni, mwache, ni mke wa kaka yangu."

"Una moyo wewe," akasema Mwenyekiti.

"Nimeumbwa hivyo."

Chini ya shuka, Mgeni alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Pazia sawa. Lakini feni! Akitaka kusema, lazima aamke, na akiamka kazi imekwenda, na kodi ya chumba imekwenda nayo. Akavuta pumzi. Ndipo akakumbuka kwamba Tajiri alimkataza kufumbua macho. Kuota hakumkataza.

"Mmmh... wifi..." akasema kwa sauti nzito ya usingizi. "Punguza... tivii..."

Wanawake watatu wakamgeukia.

"Anaota!" akanong'ona jirani.

"Huo ndio ubora wenyewe, mama," Kipaza akadakia. "Kwenye godoro baya huwezi kuota."

"...kochi fupi, wifi... mguu wangu..." Mgeni akajigeuza kidogo, akaguna kwa uchungu. "...chumba kimelala masufuria..."

Jirani akaangua kicheko mpaka akashika ukingo wa kitanda. "Jamani! Huyu naye ana wifi! Anamlaza mwenzake kwenye kochi, kitandani kalaza masufuria!"

"Wapo," akasema Mwenyekiti kwa uzito wa cheo chake. "Wana mkono wa birika, hawatoi hata nafasi. Mtu wa namna hiyo kwenye kikundi changu hakai hata siku moja. Si ndiyo?" Akamgeukia wifi.

"Ndiyo," akasema wifi. Sauti yake ilikuwa imepungua ghafla. "Wapo watu wa hivyo." Alikuwa anatazama mwisho wa kitanda, ambako mguu mmoja mrefu ulikuwa umetokeza nje ya shuka, hewani. "Yaani mguu..." akaanza, kisha akaumeza usemi wake wote.

Akainama upande wa mto, akawa anabonyeza godoro huku na huku kama mnunuzi makini. Akasogeza mdomo karibu na kitambaa cha kichwa.

"Wifi. Najua uko macho."

Mgeni akakoroma.

"Unaniaibisha mbele ya Mwenyekiti. Fumbua macho tuongee."

Akakoroma zaidi. Hapo kila mmoja alikuwa amemshika mwenzake pabaya. Wifi angepaza sauti aseme huyu ni wa kwangu, anajifanya, Mgeni angekosa kazi saa ile ile, maana Tajiri alikuwa amekwisha kutoka stoo na kusimama pale anatazama. Lakini Mwenyekiti naye angejua masufuria ni ya nani.

"Nitakutoa sebuleni," akanong'ona wifi.

Mkoromo ukaendelea, wa kukata mbao.

"Nitakupa chumba."

Ukaendelea.

"Leo, basi! Leo!"

Mkoromo ukapungua kidogo, ukasita, kisha mlalaji akaachama. "...masufuria..." akasema kwa nguvu, duka zima likasikia, "...mengine hata... hayajatolewa karatasi... wifi yangu anaitwa..."

"Na ufunguo!" Wifi karibu apige kelele. "Nakupa na ufunguo!"

Mgeni akashusha pumzi ndefu, akaendelea kulala kimyakimya kama mtoto aliyeshiba.

"Unaongea na nani hapo chini?" akauliza Mwenyekiti.

"Nasikiliza springi," akasema wifi, akijinyoosha na kujifuta jasho.

"Unasikia nini?"

"Nzuri. Nzuri sana."

"Sasa niambie wewe mwenye uzoefu. Huyo wifi yako analalia godoro la namna gani? Maana nataka kitu kama hicho." Mwenyekiti akafikiri. "Au tupitie kwako nilibonyeze kabla sijatoa pesa yangu."

Wifi akatazama mlango, akatazama dari, na huko kote hakuona msaada. "Lile lake limechoka," akasema. "Tena hata leo nilikuja na nia ya kumbadilishia. Kaka," akamwita Kipaza, "nipe na mimi moja. La kitanda kikubwa."

"Hili hili la dirishani?"

"Hili hapana!" akasema wifi kwa haraka. "Hili lina maneno mengi."

Magodoro mawili yakatoka siku ile kwa mpigo mmoja, yakapakiwa kwenye mkokoteni, na wifi akafuata nyuma yake akimjibu jirani kwa guno tu. Walipotokomea, Tajiri akamgusa Mgeni bega.

"Wameondoka. Amka. Umebaki kazini." Kisha akainama. "Ile ya kuota umeibuni mwenyewe?"

"Imekuja tu, Tajiri."

"Endelea nayo. Ila usizidishe, utamaliza siri za mji huu, tukose wateja."

Jioni Mgeni alikuta masufuria yamehamia sebuleni. Yalikaa juu ya kochi, yakashuka kwenye mkeka, mengine yamepanda juu ya tivii yenyewe. Mumewe alikuwa uani, amekaa mlangoni mwa chumba, anatazama godoro jipya kama mtu aliyeletewa ng'ombe asiyemjua.

"Dada kanipa chumba bila kumwomba," akasema. "Unaona? Watu wengine ukiwanyamazia wanajifikiria wenyewe."

"Naona, mume wangu," akasema Mgeni.

Wifi alikuwa kwenye kigoda katikati ya masufuria yake. Alimpa Mgeni ufunguo bila kugeuza uso. Mgeni akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa adabu zote. Alipokuwa anaondoka, akaitwa.

"Wifi."

"Abee, wifi."

"Kwani wanalipa kweli? Kwa kulala tu?"

"Wanalipa."

Wifi akapunguza sauti ya tivii mwenyewe. "Kamwulize huyo tajiri wako kama hahitaji mtu wa pili. Mimi hata kuota sioti."

"Kazi ile ina ugumu wake, wifi yangu. Inataka mtu asiyepata usingizi kwake."

Wifi akayatazama masufuria kochini, akayatazama mkekani, akatazama na lile lililokuwa limeanza kuteleza juu ya tivii.

"Basi waambie nipo," akasema. "Usingizi wenyewe naupatia wapi humu, na haya yakidondoka usiku kucha?"