Behewa Lililobaki kwa Mgeni Rasmi

Ieleweke kwa wazazi, walezi, wanafunzi na mataifa yote jirani, kwamba Shirika la Reli la shule yetu limeingia katika zama mpya za uchukuzi. Kwamba mabehewa yake yote yanafanyiwa ukarabati mkubwa ambao haujapata kuonekana kusini mwa Rufiji. Na kwamba Siku ya Wazazi dunia nzima itashuhudia.

Tangazo hilo lilibandikwa na Umi wa kidato cha tatu kwenye ubao wa matangazo, juu kidogo ya ratiba ya kuosha vyoo. Ukweli ni kwamba Shirika lilikuwa na kichwa kimoja cha treni chenye ukubwa wa kiganja, mabehewa sita, na reli ya duara iliyopigiliwa kwenye ubao mwembamba wa plaiwudi, nao ubao umelazwa juu ya meza mbili zisizolingana urefu. Abiria hawakuwapo. Shehena ilikuwa korosho za kukaanga, na hizo zilipungua kila Umi alipopita.

Mkurugenzi wa Shirika alikuwa Justa, msichana wa Rondo, mtu wa maneno machache, asiyecheka mpaka apewe sababu mbili. Treni hiyo iliachwa shuleni na mhandisi mmoja wa barabara aliyemaliza mkataba wake, na tangu siku hiyo Justa aliilea kama mtoto wa kitinda mimba. Lakini kulabu zake za plastiki zilikuwa zimechoka. Siku ya Wazazi iliyopita zilikatika mbele ya bwalo lililojaa. Kichwa kikaendelea kuzunguka peke yake kwa raha zake, mabehewa yakabaki njiani yametawanyika.

"Treni hii imetelekeza familia," alisema Mwalimu Damiani, mkuu wa shule, na wazazi wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Justa alikwenda kulia bafuni.

Kisha Mkuu akatoa hukumu. Ikikatika tena mwaka huu, chumba cha klabu hiyo ya treni kingekuwa stoo. "Nina magunia ya maharage yanalala kwenye korido," alisema. "Maharage hayajawahi kuniaibisha."

Ndipo Justa akamsumbua mjomba wake wa Dar es Salaam kwa simu ya Matroni mpaka viungio vipya vikaja kwa basi, vya chuma, vidogo kama punje za mtama. Kila kimoja kilikuwa na kidole kilichokunjwa. Mabehewa mawili yakisukumwa yagusane, vidole hukamatana kama watu wawili wanaopeana mkono na kukataa kuachana.

Taabu ilikuwa springi. Kila kiungio kilikuwa na springi nyembamba kama unywele, na ya kwanza iliruka hata kabla Justa hajamaliza kusema "angalia". Walitambaa sakafuni mchana kutwa. Ilipatikana ndani ya kikombe cha uji cha Umi, baada ya uji kunywewa, jambo lililohitaji moyo mkubwa kulifikiria.

"Chandarua," alisema Umi.

Wakaleta chandarua chake bwenini, wakakining'iniza kwenye kenchi za paa, wakaingia chini yake na meza, bisibisi na kibano cha kunyonyolea nyusi. Springi ikiruka, inanasa. Matroni Salima alipopita dirishani alirudi kinyumenyume.

"Nyie! Chandarua mchana huu, kuna nini?"

"Springi, Matroni," alijibu Umi kwa unyenyekevu. "Zinaruka."

"Zinauma?"

"Afadhali zingeuma, Matroni. Zinapotea."

Matroni akaenda zake akiwaombea kwa Mungu.

Justa alifungua skrubu, akatoa kulabu ya zamani, akaweka kiungio kipya, akalaza springi, akafunga. Kisha akapima kimo. Alikuwa amekata kipimo kutoka kwenye kadi ya plastiki iliyokuja na laini ya simu, na kila kiungio kilipaswa kugusa alama ileile. Kikiwa chini kidogo tu, treni ikipita palipoinuka kitateleza na kuachia. Behewa la nne lilikuwa limeinama, akalikatia kijipande cha jalada la daftari, akakipachika chini, akapima tena. Na tena.

"Mbona unapima kama fundi wa majeneza?" Umi akauliza.

"Nyamaza, nishikie tochi."

"Na huu mkia wa waya chini ya kiungio ni wa nini?"

"Wa sumaku. Treni ikisimama juu ya sumaku, viungio vikalegea, mkia unavutwa na vidole vinafunguka. Ni kwa wale wanaotaka kuacha behewa stesheni bila kuligusa." Justa akaipuliza vumbi skrubu. "Sisi hatutaki. Sisi tunataka ishikane tu."

Umi alisema ndiyo, hatutaki. Lakini usoni mwake kulikuwa na utulivu ambao walimu wa Kiranjeranje, alikosomea shule ya msingi, wangeutambua na kuanza kuhesabu chaki.

Mpango wake ulikuwa wa heshima kabisa. Mkuu angekaa mbele katikati, kama kila mwaka, na treni ingesimama mbele yake kutoa saluti. Hapo ndipo meza mbili zilipokutana na kuacha upenyo. Alfajiri ya siku yenyewe, wakati wengine wakipanga viti, Umi aliingiza mkono kwenye upenyo na kubandika chini ya plaiwudi sumaku nene aliyoichomoa kwenye spika mbovu. Behewa la mwisho akalitundikia kibao cha karatasi: CHAKULA CHA MKUU. AKIMALIZA, AOMBE TENA. Behewa lingebaki, watu wangecheka, Justa angelisukuma lishikane upya. Nani angeumia?

Lakini mgeni rasmi, ambaye miaka mingine hufika treni imeshazunguka, safari hii aliwahi. Alikuwa Mzee Komba, ofisa elimu mstaafu, Mngoni wa Songea, na Mwalimu Damiani ni Mmwera wa kwao hapahapa Lindi. Mkuu alimwamkia, akampisha kwenye kiti cha katikati, yeye akasogea pembeni. Umi aliona viti vinabadilishana, akautazama ule upenyo, lakini bwalo lilikuwa limeshajaa.

Justa akazungusha kitufe. Treni ikaondoka na mabehewa yote sita, ikapita kona, ikapita palipoinuka, haikutetereka. Ikafika kati, ikasimama. Wazazi wakapiga makofi. Kisha ikaondoka na mabehewa matano.

Behewa la mwisho lilikuwa limesimama mbele ya Mzee Komba. Akavaa miwani, akasoma kibao kwa sauti, polepole, kisha akamgeukia Mkuu.

"Damiani. Hiki ni chakula chako?"

"Sijui habari zake, Mzee."

"Nyie Wamwera mnaacha mali njiani namna hii?" Akamimina korosho zote kiganjani, akazitupia mdomoni. Mmwera na Mngoni ni watani, na mtani akikuta mali ya mwenzake haina ulinzi huichukua, na mwenye mali hana ruhusa ya kununa. "Babu zetu walikuja kuchukua kwa mikuki. Siku hizi mnatuletea kwa treni!"

"Kula, kula," akasema Mkuu, "Mngoni hajawahi kushiba tangu atoke kwao!"

Bwalo likalipuka. Matroni Salima alijifuta machozi kwa ncha ya ushungi. Mtu mmoja tu hakucheka. Justa alikuwa amesimama na kipimo chake cha plastiki mkononi, akiliangalia lile behewa kama mtu aliyesalitiwa na ndugu.

Kicheko kilipotulia, Mkuu alimgeukia kwa upole, na upole ulikuwa mbaya zaidi. "Kibao ni mzaha, sawa. Lakini kukatika ni kukatika, binti. Tulikubaliana. Jumatatu mtahamisha vitu, maharage yaingie."

"Nilivipima vyote, Mwalimu," alisema Justa. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama springi. "Vilikuwa sawa vyote."

Umi akajikuta amesimama.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, wazazi na walezi," alianza, kwa sauti ya taarifa ya habari. "Habari zilizotufikia hivi punde zinasema kwamba viungio ni vizima, na kwamba chini ya ubao huo imeonekana sumaku."

"Zimekufikia kutoka wapi?" akauliza Mkuu.

"Vyanzo vya kuaminika, Mwalimu."

"Na sumaku ilifikaje hapo?"

"Inasadikiwa iliwekwa na watu wasiojulikana, mahali ambapo ulikuwa ukae wewe."

Mzee Komba akaacha kutafuna.

"Watu wasiojulikana," alisema Mkuu taratibu, "wanajua ninapokaa?"

Justa hakusubiri jibu. Alipenyeza mkono kati ya meza, akang'oa sumaku, akaiweka mezani kwa kishindo. Akasukuma behewa la sita hadi likashikana, akazungusha kitufe. Treni ikazunguka, ikasimama palepale, ikaondoka nzima. Akairudia. Mzee Komba akaongeza miwani yake juu ya behewa la mwisho kama mzigo, ikaibeba.

"Chumba chao kibaki, Damiani," alisema Mzee Komba.

"Kinabaki," alisema Mkuu. "Maharage nitayatafutia kwingine. Umi, njoo hapa."

Umi akaenda mbele. Alikuwa na sentensi tatu za fahari tayari kichwani, lakini Justa alikuwa akimtazama, macho mekundu, na zote tatu zikamtoroka.

"Ungeniambia," alisema Justa.

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Ndiyo maana sikusema." Akamgeukia Mkuu. "Ni mimi, Mwalimu. Sumaku ni yangu, kibao ni changu, nilitaka kukucheka wewe, sikumfikiria Justa hata kidogo. Nisamehe, Justa. Na korosho za behewa la tatu pia ni mimi, nilizila jana."