Cherehani Bila Uzi

"Zima hicho kitu!"

Fundi alimfokea wifi yake, ila hakungoja. Aliizima redio mwenyewe, kabla mwimbaji hajamaliza kumlilia mpenzi wake. Insha iliyokuwa mbele yake, juu ya meza ya kukatia vitambaa, ilikuwa imeshaharibika. Swali lilihusu kilimo cha umwagiliaji. Yeye alikuwa ameandika kwamba mkulima kamwacha peke yake na moyo unamuuma.

Wifi yake, dada wa mumewe, alisoma akacheka mpaka akakaa chini. "Huyo mkulima hana huruma!"

Fundi hakucheka. Mwaka jana alifeli mtihani hivi hivi, mtu mzima na watoto wake wawili. Chuo cha ufundi kilimtaka akafundishe ushonaji, ila bila cheti cha kidato cha nne hawamchukui, na walishamwambia mwaka huu ndio mwisho wa kumngoja. Alikitaka kile chumba cha darasa kwa moyo wote.

Alijaribu kusoma huku akisikiliza kwaya, akajikuta amefumba macho anasali. Akajaribu filimbi za kubembeleza, akalala juu ya jiografia mpaka mate yakachora bara jipya. Kimya ndicho kilichokuwa kibaya zaidi, maana nyimbo zote alizozizima zilirudi kichwani zenyewe.

Alasiri moja wifi alichoka kukaa bure. Akaketi kwenye cherehani, akaingiza kitambaa kibovu, akaanza kukanyaga. Taka-taka-taka. Fundi aliandika ukurasa mzima bila kuinua kichwa. Sauti ilipokatika, kalamu nayo ikasimama.

"Mbona umeacha?"

"Kuacha nini? Hata uzi hamna humu, wifi."

"Nani kakwambia nataka nguo? Kanyaga!"

Basi ikawa ndiyo kazi. Kila akirudi kutoka sokoni wifi alishona hewa, huku akilalamika kwamba kaka yake kaoa fundi, lakini miguu inayovimba ni yake yeye. Majirani waliuliza gauni litakwisha lini. Fundi alisonga mbele, sura kwa sura, na majibu yake hayakuwa tena na mpenzi wa mtu.

"Na siku ya mtihani?" wifi aliuliza. "Nikubebee cherehani kichwani?"

Fundi aliogopa, maana alikuwa amelikwepa swali hilo. "Maji nimeshayavulia nguo," akasema. "Nitayaoga. Kanyaga."

Siku ikafika. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa. Alisoma swali la kwanza mara tatu, na mara ya tatu yule mwimbaji akaingia taratibu na kilio chake. Alitamani kuinuka aende zake.

Hakuinuka. Aliweka miguu yote miwili sawasawa chini ya dawati, pale ambapo kanyagio la cherehani lingekuwa. Kisigino, vidole. Kisigino, vidole. Mwimbaji alijaribu tena, mara hii kwa mbali, kisha hakusikika.

Kalamu ikaanza kwenda.

Msimamizi alikuja akasimama kando yake. Aliinama akachungulia chini ya dawati, akaona viatu viwili vikipanda na kushuka juu ya sakafu tupu. Akamtazama usoni. Fundi hakumwona.

Alipokaribia mwisho wa ukurasa, miguu ilipunguza mwendo, kama anavyofanya akifika kwenye kona ya kola. Akageuza karatasi. Miguu ikaendelea.