Nilivyomchunguza Usama

Mimi ni mwalimu wa fasihi, na sikubali kudanganywa na msimulizi. Mwaka wa kumi na tisa huu nawafundisha watoto wa sekondari hapa Chake, Pemba, kwamba mhusika hajulikani kwa sifa anazomwagiwa. Mtazameni anavyoingia na anavyotoka, nawaambia, na watu wanavyokaa akiwapo. Na huyo anayesifiwa na kila mtu ndiye wa kumshika mapema, maana mwisho wa hadithi atawaumbua. Wanafunzi hucheka. Mimi sina mzaha na jambo hilo, kwa sababu niliolewa na mtu aliyesifiwa na mtaa mzima, nikarudi kwa kaka yangu baada ya miezi minane, jino moja limeng'oka.

Kwa hiyo ilipokuja posa ya binti yake Rahma, kaka yangu Bakar hakumtafuta mtu mwingine. Kwetu posa haijibiwi mpaka habari za kijana ziulizwe huko kwao, na kazi ya kuuliza ni ya shangazi mtu. Kijana mwenyewe aliitwa Usama, anaendesha pikapu ya samaki kutoka Tumbe hadi sokoni Chake. Rahma ni muuguzi. Walijuana siku alipomfunga jeraha la mkono. Alikwisha kataa posa mbili bila hata kuinua macho. Hii alipoambiwa na babake alikwenda jikoni, akaunguza wali. Nikajua mtoto kapenda, na hofu ikanishika.

"Shangazi, nenda kaulize," aliniambia asubuhi nikivaa buibui. "Lakini urudi na ulichosikia, si ulichofikiri."

"Kusikia bila kufikiri ni kazi ya redio," nikamjibu.

Tumbe nilianzia kwa Talib, mwenye duka karibu na diko, pale samaki wanaponadiwa. Nilinunua sabuni nisiyoihitaji, nikalitaja jina la Usama kama mtu anayepita njia tu.

"Usama? Kijana wa watu yule, hana neno na mtu," akasema Talib. "Mwamchunguza, eh? Chunguzeni. Hamtoona ila yoyote."

Alisema haraka mno, wala hakuacha kupima sukari. Jibu lililokaa tayari mdomoni hunitia shaka. Nikamshukuru, nikatafuta mtu asiye na jamaa pale, maana asiye na jamaa hana wa kumfichia.

Mtu huyo alikuwa Anjela, mwalimu kutoka Moshi, niliyekutana naye kwenye semina. Alihamia Tumbe mwaka jana. Nilimkuta barazani kwake akisahihisha madaftari.

"Huyo wa pikapu namwona sana," akasema. "Kila Ijumaa baada ya swala anaingia nyumba ile ya buluu, kwa Bi Mwanabaraka. Ana samaki mkononi, na hodi hapigi. Hatoki mpaka alasiri."

"Mle ndani kuna nani mwingine?"

"Binti yake, Kauthar, aliyeachika mwaka juzi." Akashusha sauti. "Tena dada Rahila, kuna kitu kilinishangaza. Mimi nikipiga hodi tu, Kauthar anakimbilia mtandio. Akiwapo kijana yule, anazunguka uani kichwa wazi."

Mwanamke aliyeachika, kichwa wazi, na mwanamume asiyepiga hodi. Ama ni ndoa ya siri, ama ni uchafu usio na ndoa, na vyote viwili ni kaburi la Rahma. Nilimwona Talib na sukari yake, nikauona na mtaa mzima nyuma yake, wamefunga midomo.

Nikaenda moja kwa moja nyumba ya buluu. Bi Mwanabaraka alikuwa mlangoni anapeta mchele, mama wa miaka sitini na kitu, macho makali. Nikampa shikamoo, akanitandikia mkeka. Tukaulizana hali mpaka hali zikaisha.

"Nimekuja kwa jambo la heri," nikasema. "Kuna kijana hapa, Usama. Kaposa kwetu. Naomba uniambie tabia zake."

Ungo ukasimama. Kisha akarudi kwenye mchele wake.

"Mie huyo simsemi."

"Humsemi kwa uzuri au kwa ubaya?"

"Simsemi. Waulize wengine."

"Ukitakwa shauri la ndoa, dini yataka useme kweli, Bi Mwanabaraka."

"Najua. Ndo n'kakwambia waulize wengine. Ulimi wangu hautofaa kwa huyo."

Kwetu mtu mwenye adabu, akijua baya la kijana, hasemi baya. Husema waulizeni wengine. Kila mwenye binti Pemba anajua maana yake. Nikaaga bila kunywa chai. Huko ndani nilisikia mwanamke akicheka, nikamchukia kwa sauti tu.

"Una hakika?" Bakar aliniuliza niliporudi. "Bibi huyo kasema nini hasa?"

"Kakataa kumsema."

Akashusha pumzi ndefu. Hakuhitaji zaidi. Barua ya posa ikarudishwa kwa maneno yale yale ya siku zote, kwamba riziki haikuwepo. Anayerudishiwa posa haulizi sababu, na anayerudisha haitaji. Usama hakuuliza.

Rahma ndiye aliyeuliza. Nikamweleza yote, Ijumaa, hodi, kichwa wazi. Akataka kujua kama nimeyaona kwa macho yangu. Nikamwambia mambo mengine hayangoji macho. Siku mbili hakula. Nilimhurumia, lakini niseme kweli, nilijiona nimemtoa mtoto shimoni, na moyo wangu ulitulia.

Miezi minne baadaye, Jumamosi asubuhi, tulisikia hodi. Alikuwa Bi Mwanabaraka. Alikuja Chake hospitali kwa ajili ya macho yake, akaulizia nyumba yetu mpaka akafika. Bakar akamkaribisha sebuleni, Rahma akaleta chai na maandazi. Mimi nilikaa pembeni nikijiuliza anataka nini.

"Nimekuja kuuliza," akasema. "Mwenyewe kwa adabu yake hakuuliza, lakini mie lanikereketa. Mwanangu kawakosea nini?"

"Mwanao yupi?" akauliza Bakar.

"Usama. Mamake kafa akimzaa. Mie n'na Kauthar wangu mchanga, n'kawaweka ziwa hili na ziwa hili. Miaka miwili kanyonya kwangu."

Ndugu wa kunyonya. Kauthar ni haramu kwake, kwa hiyo hana sababu ya kujifunika mbele yake, na kijana hapigi hodi kwa mamake. Sheria hiyo niliisoma chuo cha Kurani kabla sijaota meno ya utu uzima. Anjela hakuijua, na hakuwa na lawama. Mimi niliijua, na nikaazima macho yake.

"Kwa nini hukuniambia?" Sauti ilinitoka kwa hasira, hasira ya mtu aliyekwisha jua kakosa.

"Nikwambie nini? Mtu humsifu mwanawe? Tumbe nzima yajua. N'kadhani nawe wajua, ndo ukaja kwangu."

Bakar akakohoa. "Basi halijaharibika neno. Kosa ni letu. Tutakwenda wenyewe kuomba radhi, na kijana akiwa bado ana nia..."

Rahma alikuwa amesimama mlangoni na birika. Kwa mara ya kwanza kwa miezi minne niliuona uso wake ukikunjuka.

Bi Mwanabaraka akatikisa kichwa. "Kashaoa. Watu wa Micheweni. Ijumaa ilopita."

Mimi, kwa ulimi wangu usiojua kushindwa, nikauliza, "Na hao wa Micheweni uliwaambiaje, wewe usiyemsifu mwanao?"

"Kwanza waliniuliza mie ni nani yake," akasema. "N'kawambia. Basi wakajua maneno yangu wayapime vipi, nami n'kasema. Weye hukuniuliza."

Rahma akaja, akainama, akamjazia bibi kikombe bila kumwaga tone.

"Na huyo mke, ni mtu mwema?" akauliza.

"Mwema, mwanangu."

"Alhamdulillahi," akasema Rahma. Akaweka birika chini, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Nikainuka kumfuata. Bakar, ambaye tangu utotoni hajapata kuniamrisha, akanishika mkono.

"Weye kaa," akasema.

Nikakaa.