Vijana wa Bi Hasna

Bi Hasna alikuwa hajui mpira wala hataki kuujua, na Julai ile ya mwaka tisini na nane ndiyo kwanza alikuwa amepumua. Kombe la Dunia limekwisha, wanaume wa Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika mjini Guangzhou, China, wamerudiwa na akili zao, na mtu aliweza tena kuuliza nauli ya lori bila kusimuliwa bao. Sasa Murshid anamtikisia kofia iliyojaa vikaratasi usoni, anamwambia aokote kimoja, eti humo mna timu yake.

"Timu yangu ya nini, Murshid?"

"Ya kugombea nafasi, Bi Hasna. Okota."

Murshid alikuwa wakala wa mizigo, Mzanzibari mwenzake, mwenye kiofisi cha meza mbili na mashine moja ya faksi katika jengo la Tianxiu. Kazi yake ilikuwa kukusanya mizigo ya watu wa Dar na Unguja, huyu viatu, yule redio, mwingine vitambaa, akaishindilia katika kontena moja na kuipeleka bandari ya Huangpu. Safari hii kontena lilikuwa limejaa. Zilibaki sibiemu tatu pale mlangoni, yaani mita tatu za ujazo, na waliozitaka walikuwa wafanyabiashara wanane. Atakayekosa angesubiri kontena la mwezi ujao.

Zamani Murshid alikuwa akiuliza nani ana dharura, akakoma mwenyewe. Kila mtu alikuwa na dharura. Msabaha, muuza viatu wa Kariakoo, alimuua mjomba wake yuleyule mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na mara ya pili marehemu mwenyewe ndiye aliyekwenda bandarini kupokea mzigo. Baada ya hapo Murshid akaweka kanuni: sababu hazisikilizwi, na mtu haulizwi amebeba nini wala ana haraka gani. Akajaribu kura, ikalalamikiwa. Mara Murshid amekunja karatasi, mara Murshid amekonyeza.

Ndipo akapata wazo lake hili la vijana. Kule Saiprasi yalikuwa yanaanza mashindano ya Ulaya ya wasiozidi miaka kumi na minane, nchi nane, wiki moja basi. Timu za wakubwa kila mtu ana yake na watu wangetoana macho, lakini vijana hawa hakuna aliyewajua ila mama zao. Tena wanacheza mbali, mkono wa Murshid haufiki. Wafanyabiashara wanane, nchi nane, na bingwa anachukua sibiemu tatu zote.

Bi Hasna alikuwa na sababu, na yake haikuwa ya kubuni. Mwanawe wa pekee, Swalha, alikuwa anaolewa mwisho wa Septemba, na mama mtu alikuwa amenunua kule soko la vitambaa la Zhongda marobota ya sare ya wanawake mia tatu, zambarau iliyoiva yenye maua ya dhahabu. Mzigo ukiondoka sasa ungefika mwisho wa Agosti, na mafundi wangepata wiki tatu za kushona. Ukiondoka mwezi ujao, ungekuta harusi imekwisha na vyombo vimeoshwa. Ndege ndiyo usiseme, nauli yake ilikuwa inashinda bei ya vitambaa vyenyewe. Na sare ilishatangazwa. Upande wa wakwe kulikuwa na shangazi mmoja ambaye angeishi miaka kumi zaidi kwa furaha ya kuusimulia ukumbi wa Bi Hasna uliojaa wanawake mia tatu, kila mmoja na gauni lake la mwaka juzi.

Lakini kanuni ni kanuni. Akafumba mdomo, akaingiza mkono kofiani na kutoka na Ayalandi.

"Ndiyo wapi huko?" akauliza.

Kioko, Mkenya aliyekuwa akinunua simu za mezani, akamcheka. "Mathee, ni hapo kando ya England. Lakini usiwaambie hivyo, watakumind."

Kioko mwenyewe alikuwa ameokota Uingereza na tayari alikuwa anatembea kifua mbele. Msabaha alipata Uhispania. Ujerumani ilikwenda kwa Heriel, mtu wa Same, mrefu, mpole, asiyesema neno mpaka aulizwe, na akiulizwa hujibu nusu.

Matokeo yaliletwa na Mbarak, binamu yake Murshid, aliyekuwa akifanya zamu ya usiku kwenye mapokezi ya hoteli moja kulekule Saiprasi. Jioni anakwenda uwanjani, usiku anaandika, na alfajiri ya kwao, ambayo kwa Guangzhou ni saa tatu asubuhi na jua limeshawaka, faksi ya Murshid inaanza kukoroma. Mbarak alikuwa mtu wa adabu za kizamani. Barua yake ilianza kwa salamu za Mwenyezi Mungu, ikaja afya yake, ikaja afya ya kila mtu aliyemjua Guangzhou kwa jina, kisha hali ya hewa, na mpira ukafuata mwisho kabisa. Watu walisimama wakiilaani mashine wakati kosa lilikuwa la Mbarak.

Siku ya kwanza Bi Hasna alikwenda kusikiliza matokeo kwa ajili ya sare. Siku ya pili alitaka kujua kipa wao ana umri gani. Walipofungwa na Uingereza kwenye mechi za makundi hakumsalimu Kioko mpaka baada ya adhuhuri, na Kioko alipomuuliza kosa lake akamwambia, "Mwajijua mlivyowafanya wanangu." Usiku kabla ya kulala alikuwa akiwaombea dua, kwanza wasivunjike miguu, kisha washinde. Alijua si Waislamu, akaona hilo halimzuii. Joto la Saiprasi lilimtia wasiwasi, maana Kioko alimwambia Ayalandi ni nchi ya mvua, na yeye akawaona watoto weupe wale wanavyobabuka mabega.

Kidogo kidogo watu sita wakatoka, Kioko na kifua chake, Msabaha na mjomba wake. Wakabaki wawili. Fainali ya Jumapili ilikuwa Ayalandi na Ujerumani, Bi Hasna na Heriel.

Jumatatu asubuhi kiofisi kilijaa hadi watu wakasimama kwenye korido. Lori lilikuwa limeegeshwa ghalani nyuma ya jengo, kontena mgongoni, mlango wazi, mizigo ya wawili wale ikisubiri pembeni, na dereva ameshasema saa sita kamili anaondoka, mtu asimzoee. Saa tatu na robo faksi ikakoroma. Murshid akawa anasoma karatasi inavyotoka.

"Ama baada ya salamu... mimi ni mzima... nakutakia afya wewe, na Msabaha, na Bi Hasna, na mama yake Bi Hasna..."

"Ruka!" Msabaha akapiga kelele. "Ruka salamu!"

"Naruka vipi, haijatoka!"

Salamu zikapita, upepo wa baharini ukapita, mpira ukaingia. Ayalandi wamefunga. Bi Hasna akashika mkono wa mtu aliyekuwa karibu, kumbe ni Heriel, akauachia. Wajerumani wamesawazisha mwishoni kabisa. Bao moja kwa moja. Muda wa nyongeza umekwisha hivyohivyo. Wanakwenda kwenye penalti, na mpigaji wa kwanza...

Mashine ikalia mlio mmoja mrefu na kunyamaza. Karatasi ilikuwa imekwisha.

Kelele zilizopigwa pale zilimtoa Mchina wa ofisi ya pili mpaka mlangoni. Murshid alipiga simu hotelini, laini haikushikika, maana Mbarak, kwa kuona barua yake imekwama, alikuwa anaituma upya bila kuchoka. Murshid akashuka dukani chini kutafuta roli jipya na wengine wakamfuata nyuma, na toka ghorofani uliweza kumsikia mwenye duka akiwajibu lile neno ambalo kila mfanyabiashara hulijua kabla ya mengine yote mjini humo: "Meiyo." Hakuna. Wakatokomea mtaa wa pili.

Bi Hasna na Heriel wakabaki wawili tu, mashine katikati yao. Ilikuwa saa nne kasoro. Bi Hasna aliitazama saa, akamtazama Heriel, akaona kifua chake mwenyewe hakibebi tena siri ile.

"Heriel, mwanangu, kanuni naijua," akasema. "Lakini Murshid hayupo, na miye nikinyamaza nitapasuka. Mwanangu anaolewa. Mzigo wangu ni sare ya harusi yake. Sikwambii ili unihurumie, vijana wako wakishinda wamekushindia. Nataka tu mtu mmoja ajue."

Heriel akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Pole, mama," akasema. "Mimi ni kwaya. Kwaya ya usharika wetu wanakwenda tamasha Bukoba, mwezi wa tisa huo huo. Wengi hawajawahi kuvuka mkoa. Niliwaahidi kila mtu begi la safari, jekundu, waonekane watu wamoja. Mabegi arobaini."

Bi Hasna akasikitika kweli. Aliwaona wale wanakwaya wakipanda meli na nguo zao kwenye mifuko ya plastiki ya rambo, akajua uchungu wao, maana ulikuwa uleule wake. Halafu ule ujuzi wake wa miaka kumi na mbili ya kufunga marobota ukamwamsha.

"Mabegi makubwa?"

"Makubwa, yenye magurudumu."

"Na ndani yake mna nini?"

"Ndani?" Heriel akafikiri. "Ndani hamna kitu, mama. Ni mapya."

"Heriel."

"Naam."

"Yaani toka China mpaka Dar es Salaam wewe wasafirisha hewa? Sibiemu tatu za hewa, na miye nakesha nawaombea watoto wa watu wapige penalti?"

Heriel alijipiga paji la uso. Kisha akacheka, na hakuna mtu Tianxiu aliyewahi kumsikia Heriel anacheka. Wiki nzima wamekaa bega kwa bega wakiombeana kushindwa, kwa sababu tu hakuna aliyeruhusiwa kumwuliza mwenziwe amebeba nini. Wakaiacha mashine peke yake, wakashuka ngazi, maana lifti haikuja haraka ya kuwatosha.

Murshid aliwakuta ghalani saa tano na nusu. Marobota yalikuwa yamefumuliwa, zambarau imetapakaa sakafuni, na Bi Hasna amevua viatu, anashindilia vitambaa kwa miguu ndani ya begi jekundu, huku Heriel akivuta zipu. Mabegi thelathini na moja yalishajaa na kupangwa mlangoni mwa kontena. Kioko na Msabaha waliokuja nyuma wakatazama, wakaelewa, na bila kuambiwa wakakunja mikono ya mashati.

"Nani kawapa ruhusa ya kuambizana mizigo?" Murshid akafoka.

"Andika majina mawili kwenye nyaraka zako, baba, uache makelele," Bi Hasna akamjibu. "Nafasi moja, watu wawili. Wewe wakala ulitakiwa uone kabla yetu."

Murshid akatoa kalamu na kuandika majina mawili, na akili yake ya uwakala ikaumia kidogo. Begi la arobaini lilipofungwa, kipande cha mwisho cha zambarau kikiwa kimekalishwa na goti la Heriel, watu wakapiga makofi. Kwapani mwa Murshid mlikuwa na karatasi ndefu iliyokunjwa.

"Roli tulipata, faksi ikaja," akasema. "Basi tu, sasa haina maana tena."

Bi Hasna akageuka.

"Nani kasema haina maana? Soma!"

"Ama baada ya salamu, mimi ni mzima..."

"Murshid, wallahi nitakupiga na begi. Penalti!"

Murshid akateremsha kidole mpaka chini. Akawasomea penalti moja moja, na kila moja Bi Hasna aliifumbia macho. Ayalandi wamepata. Wajerumani wamepata. Amekosa huyu, amekosa na yule. Nne kwa tatu. Ayalandi mabingwa.

Kigelegele alichopiga Bi Hasna kilimfanya dereva ateremke kuona nani ameumia. Alimkumbatia Msabaha, akamkumbatia hata Kioko, akazunguka ghala peku akiwataja vijana wake kwa majina ambayo Mbarak aliyakosea na yeye akayakosea zaidi. Kisha akauliza kama wale wa Heriel wanalia, Murshid akatafuta kwenye karatasi, akasema Mbarak ameandika kwamba wamelala majanini na kwamba wale wa Ayalandi wamekwenda kuwainua. Hapo Bi Hasna akakaa juu ya boksi tupu, machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

"Heriel, hebu niambie, nalia nini miye?"

"Umeshinda, mama."

"Nimeshinda nini na nafasi tumeshagawana?"

Heriel akamwokotea kiatu chake kimoja, akaenda kumtafutia cha pili.

"Umeshinda tu," akasema.