Koti la Walter

Msumari ule Walter aliupigilia mwenyewe ukutani, juu kwa kimo chake, akatundika koti lake la sufu. "Nakuja kulichukua Krismasi," alisema, kisha akaenda Limuru kwenye mashamba ya chai. Krismasi ikapita, na nyingine nayo ikapita.

Seline, mkewe, hakumwambia habari za mafuta ya moto. Yalimmwagikia akikaanga samaki sokoni Otonglo, na kidonda kilipopona, kovu likamkaza kwapani kama nguo iliyoshonwa vibaya. Mkono wa kulia haukupanda kupita bega. Naye alitaka Walter akirudi amkute anaweza kumkumbatia shingoni kwa mikono yote miwili.

Ndipo akaanza kwenda kwa Wahu, mtaalamu wa viungo vya mwili mwenye chumba kidogo mjini Kisumu. Wahu alipaka kovu mafuta, akalipitishia polepole kipande cha chuma kilichopinda, ukingo wake laini kama mgongo wa kijiko. Kisha Seline alitambaza vidole ukutani, kwenda juu, mpaka mkono ukatae.

Habari zikafika kwamba Oduor, ndugu ya Walter, angekuja kutoka Limuru. Seline akaamini wanakuja wote wawili. Akachukua kijiko nyumbani, akalisugua kovu kwa nguvu ili lilegee upesi, mpaka kwapa likavimba.

"Mama, hii ni ngozi," Wahu alimwambia alipoona michubuko. "Si magamba ya ngege!"

Seline alicheka huku machozi yakimlengalenga. "Mkono umezoea samaki, daktari."

"Basi tuuache upumzike. Uvimbe ukiisha tutaendelea, polepole."

Mwezi uliofuata Oduor alikuja, peke yake. Alikunywa chai, akakohoa.

"Walter anaomba koti lake, shemeji. Huko baridi si mchezo." Akainuka kulichukua.

"Kaa, shemeji. Nitalitoa mwenyewe."

Vidole vya Seline vikatambaa ukutani, vikapita bega, vikapita sikio. Kovu likavuta, likauma, kisha likalegea kidogo. Akalitungua koti, akazika uso kwenye kola. Harufu ya Walter ilikuwa imekwisha. Lilinuka moshi wa samaki wake mwenyewe. Akalikung'uta vumbi. Kisha mkono uleule ukapanda tena, ukalirudisha msumarini.

"Ai! Sasa nikamwambie nini?"

"Mwambie liko pale pale alipoliacha. Aje alivalie hapa."

Oduor alirudia chai yake. Mkono wa Seline ulikuwa bado juu, umeshika kola.